Mvua Kubwa Imekuja, Maji ya Kunywa Yako Wapi?

Dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii kila mwanafunzi anaijua, na wengi wetu tumeitia katika insha zaidi ya mara moja. Hapa Naro Moru hatuna haja ya kuangalia mbingu yote; tunatazama upande mmoja tu, upande wa Mlima. Ukijifunika blanketi lake jeusi mapema, mama anaanua nguo na mchungaji anaanza kurudisha ng'ombe. Swali ninalotaka tujiulize, msomaji mpenzi, ni hili: baada ya nguo kuanuliwa na ng'ombe kurudishwa, ni nani hukumbuka maji ya kunywa?

Huenda ukacheka. Utasema, "Kwani mvua ikinyesha si maji ndiyo yamekuja?" Naam, yamekuja, tena mengi. Lakini mvua kubwa ina tabia moja ya ajabu: huleta maji mengi na papo hapo huondoa maji safi. Mto hugeuka rangi ya chai ya maziwa, bomba la mradi hukatika, kisima huingia tope, nasi tunabaki tumezungukwa na maji tusiyoweza kuyanywa. Kwa hivyo, anayejitayarisha kwa dhoruba bila kutayarisha maji ya kunywa amefanya nusu ya kazi. Nitaeleza kwa nini iko hivyo, na la kufanya kabla mawingu hayajatanda.

MLIMA NA MVUA ZAKE

Mji wetu uko upande wa magharibi wa Mlima Kenya, kando ya barabara ya kutoka Nyeri kwenda Nanyuki, kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Pepo za mvua hutoka Bahari ya Hindi, na hugonga mlima upande ule mwingine kwanza. Ndiyo sababu miteremko ya kusini-mashariki hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali sisi huku mjini hatufikii hata nusu ya hizo. Mvua za masika hutujia kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba.

Kwa kuwa tumezoea kulilia mvua, wengi hudhani kwamba mafuriko ni shida ya watu wa Budalangi na Tana River. Fikra hiyo ni hatari. Ardhi iliyokauka kwa miezi mingi na kukanyagwa na mifugo huwa ngumu kama sakafu. Mvua kubwa ya ghafla haipati nafasi ya kupenya ardhini. Huteremka mbio kuelekea mtoni ikikokota kila kitu. Isitoshe, si lazima mvua inyeshe kwetu ndipo mto ufurike. Inaweza kunyesha kule juu msituni huku sisi tukiota jua, kisha maji yakashuka kwa kishindo na kumkuta mtu katikati ya kivuko.

Historia haijatuficha jambo. Mvua za El Nino zilizoanza Oktoba 1997 na kuendelea hadi mapema mwaka wa 1998 ziliharibu barabara na madaraja katika sehemu nyingi za Kenya, na nyuma yake kipindupindu kikafuata. Mwaka wa 2024 tulijionea wenyewe. Shule zilizotarajiwa kufunguliwa tarehe 29 Aprili zilingoja hadi tarehe 13 Mei kwa sababu ya mafuriko. Usiku wa kuamkia hiyo tarehe 29, kule Mai Mahiu, maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli ambalo njia yake ya maji ilikuwa imezibwa na takataka za mafuriko. Tuta lilipovunjika, watu zaidi ya 40 walifariki wakiwa vitandani. Hebu fikiria: mtaro uliozibwa tu! Tukiambiwa na mwalimu wa zamu tuzibue mitaro ya shule, tusinung'unike.

KWA NINI MAJI HUCHAFUKA

Kuna usemi ambao kila mtu hapa amewahi kuusikia: "Hiyo maji inatoka kwa barafu, haina shida. Angalia tu vile inang'aa!" Usemi huu una makosa mawili, na hapa sisemi ya sarufi.

Kosa la kwanza ni la jiografia. Ni kweli kwamba Mto Naro Moru huanzia juu kabisa, katika Bonde la Teleki, chini ya barafu za Lewis na Tyndall. Lakini barafu hizo zimekwisha karibu zote. Wanasayansi walioipima barafu ya Lewis waligundua kwamba kati ya mwaka wa 1934 na 2010 ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Sehemu kubwa sana ya maji ya mto wetu ni mvua iliyonyesha juu mlimani na msituni, ikajificha ardhini na kutoka tena kama chemchemi. Kabla ya kutufikia, maji hayo hupita mahali ndovu na nyati wanapokunywa, malisho ya ng'ombe, mashamba ya viazi na kabeji, na sehemu ambazo watu hufulia nguo na kuosha pikipiki.

Kosa la pili ni la kuamini macho. Vidudu vinavyoleta homa ya matumbo ni vidogo mno. Ukivipanga 500 katika mstari mmoja, mstari huo utakuwa na urefu wa milimita moja hivi au moja na nusu. Maji yanaweza kung'aa kama kioo yakawa na vidudu hivyo kwa maelfu. Kung'aa ni kitu kimoja, na usafi ni kitu kingine.

Sasa, mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya kuliko zote. Kwa miezi kadhaa samadi imelala malishoni, kinyesi kimelala vichakani, dawa za kunyunyizia mboga zimelala udongoni, na vyoo vya shimo vimejaa. Mvua hiyo huosha uchafu huo wote kwa siku moja na kuutia mtoni. Visima vifupi navyo havisalimiki, kwani maji machafu huingia kwa juu, na choo kilicho karibu mno huvuja kwa chini. Ndipo wataalamu wakashauri choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, tena upande wa chini wa mteremko.

Na bomba je? Wengi wetu hapa hutumia miradi ya maji ya jamii, ambayo huchota maji mtoni kule juu na kuyateremsha kwa mabomba. Mahali hapo pa kuchotea, ambapo watu wa mradi hupaita inteki, huzibwa na magogo, mawe na mchanga mto unapofurika. Ndiyo maana mara nyingi mvua ikinyesha sana bomba hukauka, au hutoa maji ya rangi ya udongo. Jambo hili huwashangaza wageni, lakini wenyeji tumelizoea. Ubaya ni kwamba tumelizoea bila kulitayarishia.

HATUA NNE ZA KUSAFISHA MAJI

Ukipata maji yenye tope na huna mengine, fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Ukiruka moja, unazipunguzia nguvu zilizobaki.

Kwanza, yaache yatulie. Yaweke katika ndoo iliyofunikwa usiku kucha. Asubuhi mimina polepole yale ya juu katika chombo kingine, na tope libaki chini.

Pili, yachuje. Tumia kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa. Usidharau kitambaa! Kule Bangladesh, watafiti waliwafundisha wanawake wa vijijini kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa angalau mara nne, na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2003 yalionyesha kwamba kipindupindu kilipungua kwa karibu nusu. Hata hivyo, nusu si yote, kwa hivyo usiishie hapo.

Tatu, ua vidudu. Njia iliyo bora ni kuchemsha, na hapa ndipo mlima wetu unapoingilia hesabu. Mombasa, maji huchemka yakifikia nyuzi 100 za Selsiasi. Huku kwetu hewa ni nyepesi, kwa hivyo maji huchemka yakiwa kama nyuzi 93. Ukipanda hadi Lenana, kwenye mita 4,985, yatachemka yakiwa nyuzi 83 au 84 tu. Sasa umejua kwa nini githeri ya Naro Moru huchukua muda mrefu jikoni kuliko ya Mombasa. Mpishi wetu hana lawama. Vidudu vya magonjwa hufa hata kwa nyuzi 93, lakini ili kuwe na hakika, wataalamu hushauri kwamba mahali palipo juu kama hapa maji yaachwe yatokote kwa dakika tatu badala ya moja. Tena kutokota ni kutokota. Mvuke na viputo vidogo pembeni mwa sufuria si kuchemka.

Asiyekuwa na kuni au makaa ya kutosha atumie dawa ya maji yenye klorini, zile za chupa au vidonge zinazouzwa madukani. Afuate kipimo kilichoandikwa, akoroge, kisha angoje dakika 30 kabla ya kunywa. Lakini jihadhari: klorini ikikutana na tope, nguvu zake huishia kupambana na tope, na vidudu hujificha humo vikabaki hai. Ndiyo sababu kutuliza na kuchuja hutangulia. Wako pia wanaotumia jua. Katika miaka ya 1990 utafiti ulifanywa miongoni mwa Wamaasai wa Kajiado, ambako watoto walipewa maji yaliyoanikwa juani katika chupa za plastiki zinazoangaza, na ugonjwa wa kuhara ukapungua. Chupa huanikwa saa sita kukiwa na jua kali, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu. Hata hivyo, mvua ikinyesha mchana kutwa njia hii haifai.

Nne, yahifadhi vizuri. Kazi yote niliyotaja huharibiwa na kikombe kimoja kichafu. Weka maji katika mtungi wenye mdomo mwembamba na kifuniko, na uyamimine. Usitumbukize kikombe na vidole vyako ndani, hata kama una haraka ya kengele.

Neno moja la tahadhari: kuchemsha huua vidudu lakini hakuondoi dawa za mashambani wala madini kama floridi, ile inayotia meno madoa ya kahawia. Maji yenye harufu ya dawa, au yaliyochotwa karibu na mahali panapooshewa mitungi ya kunyunyizia, usiyanywe hata ukiyachemsha kutwa nzima.

PAA LETU NI SHAMBA LA MAJI

Mpaka hapa nimesema mabaya ya mvua. Sasa niseme wema wake. Maji ya mvua ni karibu safi kabisa kabla hayajagusa ardhi, na shule yoyote ina mabati mengi. Tufanye hesabu kidogo. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita mraba moja hutoa lita moja ya maji. Chukua jengo la madarasa lenye paa la mita 20 kwa 8, yaani mita mraba 160. Ikinyesha mvua ya milimita 25, ambayo si ajabu kwa alasiri moja ya Aprili, paa hilo litapokea lita 4,000. Ondoa moja ya tano inayomwagika na kukauka, zinabaki lita 3,200.

Je, hizo ni nyingi au kidogo? Shule ya wanafunzi 400, kila mmoja akinywa lita tatu kwa siku, huhitaji lita 3,600 za kunywa kwa siku tatu. Maana yake ni kwamba mvua moja juu ya jengo moja inakaribia kutunywesha sote kwa siku tatu, wakati bomba limekatika na mto hautazamiki! Tangi la lita 10,000 likijazwa litatufikisha siku ya nane. Lakini hayo yote hutegemea gata zilizonyooka, zisizotoboka, na zisizojaa majani.

Mvua ya mwanzo ya msimu isiingizwe tangini, kwa kuwa inaosha vumbi na kinyesi cha ndege kilicho juu ya paa. Geuza bomba la kuingizia, acha imwagike dakika kumi au zaidi, kisha lirudishe. Tangi lenyewe lioshwe kabla ya msimu, lifunikwe, na mdomo wake uwekwe wavu ili mbu wasizae humo. Na bado maji hayo yatiwe dawa au yachemshwe kabla ya kunywewa.

RADI, UPEPO NA KIVUKO

Maji si hatari pekee ya dhoruba. Mwezi wa Juni 2011, radi iliua wanafunzi 18 wa shule moja ya msingi huko Kiryandongo, nchini Uganda, wakiwa shuleni. Kwa hivyo tusichukulie radi kama mchezo. Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ukihesabu chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10, na hiyo ni karibu vya kutosha kukupiga. Acha mpira, acha jembe, ingia ndani ya jengo au gari lililofungwa madirisha. Usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake, usiegemee ua wa seng'enge, na usichote maji ya bomba wakati huo. Ngoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Kuhusu upepo, bati lililolegea ni panga linaloruka. Likaguliwe na kupigwa misumari mapema. Matawi makavu yaliyo juu ya mabweni yakatwe.

Kuhusu kivuko, wenzetu wanaotoka ng'ambo ya mto wasikilize vizuri. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na yenye sentimita 60 huchukua gari. Mto ukifurika, ngoja au zunguka darajani. Kuchelewa gwaride ni adhabu ya siku moja, na kusombwa hakuna rufani.

MTU AKISHAUGUA

Homa ya matumbo, kipindupindu na kuhara damu huingia kwa mdomo, kwa maji au chakula kilichochafuka. Mwaka wa 2023 shule moja ya bweni kule Kakamega ilifungwa mwezi wa Aprili baada ya wanafunzi wengi kuugua na wengine kufariki, na uchafu wa maji ulitajwa miongoni mwa chanzo. Bweni ni mahali ambapo mtungi mmoja mbaya huwafikia mamia.

Mwenzako akianza kuhara, kinachomuua haraka ni kupungukiwa na maji mwilini. Chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, koroga, umpe anywe kidogo kidogo mara kwa mara. Kisha apelekwe zahanati upesi. Mchanganyiko huu humpa muda wa kufika kwa daktari. Hauchukui nafasi yake. Na asikuambie mtu ati kuhara ni aibu ya kufichwa chini ya blanketi.

WALIO CHINI YETU

Mara nyingi sisi hulalamika juu ya walio juu yetu, wanaonywesha mifugo na kulima hadi ukingoni mwa mto. Tuna haki. Lakini mto hauishii Naro Moru. Maji yetu huingia Ewaso Ng'iro, yakapita Laikipia, yakafika Archers Post kwa Wasamburu, yakaelekea Isiolo hadi kinamasi cha Lorian. Kule chini kuna mtoto anayechimba mchanga wa mto kwa mikono ili apate kikombe kimoja. Mfuko wa plastiki tunaoutupa mtaroni, mafuta ya pikipiki, na choo kilichojengwa ukingoni, vyote humfikia mvua kubwa ya kwanza ikinyesha. Sisi nasi ni watu wa juu kwa mtu mwingine. Vyama vya watumiaji wa maji ya mto viko hapa kwetu, na wazazi wetu ni wanachama. Tuwaulize nyumbani: ukingo wetu umepandwa nini? Miti ya kienyeji na nyasi zikiachwa ukingoni huzuia udongo na uchafu kabla haujaingia mtoni.

KAZI YA MWEZI WA FEBRUARI

Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kabla ya masika na kabla ya vuli, nao husomwa redioni. Tusingoje mpaka tone la kwanza. Napendekeza kazi zifuatazo zikamilike kabla ya Februari kuisha, na tena kabla ya Septemba kuisha:

1. Gata zote zifagiliwe na tangi lioshwe.
2. Mitaro izibuliwe, hasa ile ya nyuma ya jikoni na karibu na vyoo.
3. Mabati na matawi yakaguliwe.
4. Jikoni kuwe na kuni kavu za siku tatu chini ya paa, kwa kuwa kuni mbichi hazichemshi maji.
5. Dawa ya maji inunuliwe mapema na kuwekwa mahali pakavu.
6. Kila darasa liwe na mtungi wenye kifuniko na mtu anayeusimamia.
7. Kipimo cha mvua kitengenezwe kwa mkebe wenye pande zilizonyooka na rula. Kila asubuhi tuandike milimita ngapi zimenyesha, ili mwaka ujao tuseme kwa hesabu, si kwa kukisia.

Kazi hizi saba hazihitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Nyingi zinahitaji ngazi, ufagio, jembe na Jumamosi moja.